KIU YA MIAKA 18 ILIVYOKATIKA NG'AMBO YA MPAKA

Wapo watu wanaodhani kwamba mapenzi ya timu ya kandanda hukomea pale bendera ya nchi inapokomea. Hao bila shaka hawajafika Sop Sop. Katika sehemu hiyo ya Wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, wamo wapenzi wa Gor Mahia ya Nairobi ambao hawajapata kukanyaga Nairobi maishani mwao, lakini watakutajia wachezaji wa mwaka 1987 mmoja baada ya mwingine kama mtu atajaye majina ya wajomba zake. Mwaka 2013 klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa Kenya baada ya kuukosa kwa muda wa miaka 18, furaha ilivuka Busia na Malaba bila kusubiri muhuri wa idara ya uhamiaji.

Si ajabu hata kidogo. Wapadhola ni ndugu wa Wajaluo wa Kenya. Wazee wa pande zote mbili husimulia safari ile ile ya mababu kutoka kaskazini, ambapo baadhi walituama katika nchi ya Padhola na wengine wakaendelea kusini hadi pwani ya Ziwa Viktoria. Lugha zao hazijaachana sana. Isitoshe, mpaka wenyewe ni mtoto wa juzi: hadi mwaka 1902 Kisumu ilihesabiwa kuwa ni sehemu ya Uganda, na ilikuwa ni kalamu ya wakoloni iliyoihamisha na kuitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kalamu hiyo iliwagawa watu. Radio ikaja kuwaunganisha tena.

Naam, radio. Hapana budi kuitaja, kwa sababu ndiyo iliyoijenga Gor Mahia nje ya Kenya. Siku za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijabadilishwa jina mwaka 1989, matangazo ya mpira kwa Kiswahili yalisikika vizuri huku Tororo. Mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki dunia mwaka 2025, alikuwa na namna ya kuutangaza mchezo ambayo ilimfanya msikilizaji auone mpira kwa masikio. Tunathubutu kusema kwamba wako wanaume wa Padhola ambao Kiswahili chao cha kwanza, ukiacha kile cha sokoni na cha askari, kilitokana na matangazo hayo.

Klabu yenyewe ilizaliwa tarehe 17 Februari, 1968, kwa kuunganishwa kwa timu za Wajaluo zilizokuwako, na ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka huo huo wa kuzaliwa. Jina ni la mganga wa kale wa Kanyamwa, Gor wa Ogalo, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa alikuwa bingwa wa miujiza. Ndiyo maana mashabiki huiita K'Ogalo. Jina la pili la utani ni Sirkal, yaani serikali. Ilipofika karibu mwaka 1980, na Serikali halisi ikaagiza vyama na vilabu viache majina ya kikabila, viongozi wa Gor Mahia walieleza kwa uso mkavu kwamba herufi hizo ni kifupi cha maneno Gulf Olympic Rangers. Watani wao Abaluhya wao walijibadilisha na kuwa AFC Leopards. Kila mtu alielewa, na mpira ukaendelea.

Wakati huo klabu ilikuwa na haki ya kujivuna. Mwaka 1976 iliumaliza msimu wa ligi bila kufungwa. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ingawa ilitandikwa vibaya na Canon Yaoundé ya Kameruni: mabao 8 kwa bila katika michezo miwili. Ikatwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati miaka ya 1980, 1981 na 1985. Kisha ukaja mwaka 1987. Gor Mahia ilisafiri hadi Tunis kupambana na Esperance katika fainali ya Kombe la Washindi, lililokuwa likiitwa Kombe la Mandela, ikatoka sare ya mabao 2 kwa 2. Mchezo wa marudiano Nairobi ukaisha 1 kwa 1. Mabao ya ugenini yakaamua. Peter Dawo, Abbas Khamis Magongo na nahodha Austin Oduor wakawa majina ya watoto waliozaliwa mwaka huo. Tangu siku hiyo hakuna klabu nyingine ya Kenya, wala ya Uganda, wala ya Tanzania, iliyoleta nyumbani kombe la bara zima.

Sasa msomaji na alinganishe kilele hicho na shimo lililofuata. Ubingwa wa mwaka 1995 ulikuwa wa 12. Baada ya hapo, ukame. Sababu ni nyingi, lakini kwa maoni yetu zote zinatokana na mzizi mmoja: Gor Mahia ni mali ya watu, na mali ya watu ikikosa msimamizi huwa mali ya mwenye sauti kubwa. Uongozi uligombaniwa. Fedha za milangoni zilipungua kila zilipopita mkono kwa mkono. Chama cha kandanda cha nchi nacho kilikuwa katika migogoro isiyokwisha, hata FIFA ikaifungia Kenya mwaka 2004 na tena mwaka 2006. Huku nyuma ziliibuka timu zenye mshahara wa uhakika, kama Tusker ya watengenezaji wa bia na Ulinzi ya jeshi, pamoja na Sofapaka iliyotwaa ubingwa mwaka 2009. Misimu ikafika ambapo wapenzi wa K'Ogalo waliusoma msimamo wa ligi kuanzia chini.

Vijana wa Sop Sop hawakungoja. Vibanda vya video vilipofunguliwa katika vituo vya biashara, wakajigawa Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool, na Jumamosi jioni zikawa za Uingereza. Mzee akitaja Gor Mahia alionekana kama mtu anayesifu treni ya abiria. Ajabu ni kwamba dawa ilitoka katika sanduku lile lile lililoleta ugonjwa: kituo cha televisheni cha SuperSport kilipoanza kuonyesha ligi ya Kenya, kijana aliyekuja kuitazama Arsenal alijikuta akisubiri, na katika kusubiri akaiona Gor Mahia.

Mwaka 2008 Ambrose Rachier, mwanasheria, alishika uenyekiti. Mambo yalianza kutengemaa kidogo kidogo, viwanja vikajaa tena. Lakini hapa kuna jambo ambalo si haki kulipita. Tarehe 23 Oktoba, 2010, katika mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards kwenye Uwanja wa Nyayo, watu walisongamana mlangoni wakakanyagana, na wasiopungua 7 walikufa. Walikwenda kutazama mpira. Wengine wa kizazi hicho cha mashabiki walikuwa na sifa ya ghasia, ni kweli, na klabu iliadhibiwa zaidi ya mara moja kwa sababu yao; lakini waliokufa mlangoni hawakuwa wakipigana na mtu. Ufufuko wa klabu hii, kwa hiyo, haukuwa wa bure.

Msimu wa 2012 nusura uvunje mioyo ya watu kabisa. Chini ya Zdravko Logarušić, Mkroeshia mwenye ulimi mkali ambaye baadaye Watanzania walimjua akiwa Simba, Gor Mahia ilifika siku ya mwisho ya ligi ikiwa inahitaji ushindi mmoja tu dhidi ya Thika United. Ikatoka sare. Tusker ikashinda mchezo wake na kuchukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 1. Miaka 17 ya kungoja, halafu pointi moja! Kuna wapenzi walioapa siku hiyo kwamba hawatasikiliza tena mpira wa Kenya, na kiapo hicho kilidumu hadi ligi ilipofunguliwa mwaka uliofuata.

Mwaka 2013 ulianza na Logarušić na ukaisha na mtu mwingine. Katikati ya msimu aliondoka, na aliyeitwa kushika mahali pake hakuwa mgeni kwa watu wa Tororo. Alikuwa ni Bobby Williamson wa Uskoti, aliyewahi kuongoza Kilmarnock kutwaa Kombe la Uskoti mwaka 1997 na kufundisha Plymouth Argyle huko Uingereza, na ambaye kuanzia mwaka 2008 alikuwa mwalimu wa timu ya taifa ya Uganda. Aliipatia Uganda Kombe la Chalenji mara 4. Lakini Waganda walitaka fainali za Mataifa ya Afrika, ambazo walikuwa hawajazionja tangu 1978. Mwezi Oktoba mwaka 2012, mjini Kampala, Zambia iliwatoa kwa mikwaju ya penalti, na hiyo ilitosha. Miezi michache baadaye Williamson alionyeshwa mlango.

Alivuka mpaka. Katika Sop Sop jambo hili lilipokewa kwa hisia mbili: kama Mganda, mtu alikuwa amemchoka Mskoti, kama mpenzi wa K'Ogalo, alimkaribisha. Hatujapata kusikia mahali pengine ambapo mtu mmoja humfukuza mwalimu Jumatatu na kumwajiri Jumanne.

Williamson hakuleta miujiza ya Gor wa Ogalo. Alichofanya, kwa kadiri tulivyouona mchezo wao, ni kupunguza haraka. Timu iliyokuwa ikicheza kama inayodaiwa miaka yote 18 kwa dakika 90 ilifundishwa kungoja, kuupitisha mpira, na kuamini kwamba bao litakuja. Mlangoni alisimama Jerry Onyango. Nyuma walikuwepo Musa Mohammed na David Owino, katikati Anthony Akumu. Mbele alikuwepo Mganda Dan Sserunkuma, ambaye mashabiki wa pande zote mbili za mpaka walimdai kuwa ni wao, na kwa hakika wote walikuwa na haki. Michezo 30 ilipokwisha, timu nyingine 15 zilikuwa zimetanguliwa na Gor Mahia: ubingwa wa 13, wa kwanza tangu 1995. Mtoto aliyezaliwa siku ya ubingwa ule wa zamani alikuwa sasa mtu mzima wa kupiga kura.

Yafaa kueleza kwamba si kila nyumba ya mpakani ilicheka. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Uganda na mmoja wa Kenya, na kwa upande wa Kenya Wasamia, Wakhayo na Wamarachi wengi ni watu wa Leopards. Wameoana na Wapadhola na Wateso, wanauziana samaki na mahindi, na sebule moja inaweza kuwa na shemeji wawili wasiosemezana kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Wa Leopards walipata faraja yao mwaka huo huo, kwa sababu katika fainali ya Kombe la Rais waliwafunga Gor Mahia. Basi sherehe ya ubingwa ikawa na mfupa kooni, na tunadhani ndivyo ilivyokuwa bora; furaha isiyo na mtani wa kuipunguza huharibu watu.

Baada ya mlango kufunguka, mengi yaliingia. Williamson aliitwa kufundisha timu ya taifa ya Kenya mwaka 2014, na Mskoti mwenzake, Frank Nuttall, akaongoza Gor Mahia kutwaa ubingwa mwaka huo na tena mwaka 2015, safari hiyo bila kufungwa hata mchezo mmoja, kama ilivyokuwa 1976. Kikosi cha 2015 kilikuwa na Michael Olunga, Meddie Kagere, na Waganda Godfrey Walusimbi na Khalid Aucho. Miezi michache tu baadaye Leicester City, ambayo Krismasi ya 2014 ilikuwa mkiani mwa ligi ya Uingereza, ilitwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2016, na dunia nzima ikashangaa. Vijana wa vibanda vya video walishangaa pia. Lakini mtu wa Sop Sop aliyesubiri miaka 18 alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini dunia haikushangaa miaka mitatu nyuma. Leicester ilikuwa na tajiri kutoka Thailand aliyeinunua. Gor Mahia ilikuwa na tiketi za mlangoni, mdhamini wa jezi, na watu wake.

Waingereza nao walikuja kuonana nayo. Julai 2017, mjini Dar es Salaam, Everton iliishinda 2 kwa 1, Wayne Rooney akifunga bao lake la kwanza tangu arejee katika klabu hiyo, na Jacques Tuyisenge akajibu kwa kichwa. Novemba 2018 Gor Mahia ilikwenda Goodison Park, Liverpool, ikafungwa 4 kwa bila. Safari hizo zilitokana na kampuni ya kamari iliyokuwa ikidhamini timu zote mbili. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilipokorofishana na Serikali ya Kenya na kuondoa udhamini, wachezaji wa Gor Mahia walirudi kule kule kwenye mishahara inayochelewa. Hata hivyo, hadi mwaka 2024 klabu ilikuwa imefikisha ubingwa wa 21.

Na shemeji wa Busia? AFC Leopards ilitwaa ubingwa wake wa mwisho mwaka 1998. Ligi ya 2025 ilikwenda kwa Polisi wa Kenya, kwa mara yao ya kwanza, na watu wa Leopards wakaongeza mwaka mwingine katika hesabu yao, ambayo imekwisha kuipita ile ya Gor Mahia kwa mbali. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018 kimewarahisishia safari ya kwenda Kisumu na Nairobi kuitazama timu yao. Wanakwenda.