Ajali Ina Kinga: Bibi na Wajukuu Safarini Bwejuu

Siku za likizo wazazi wengi huwapeleka watoto kwa bibi na babu. Nao wazee hufurahi kutembea na wajukuu. Wengine hutoka bara, wakavuka bahari mpaka Unguja, kisha wakaenda Bwejuu, kijiji cha pwani ya mashariki, kuwasalimu ndugu na kuwaonyesha watoto bahari. Ni jambo jema. Lakini aliyekabidhiwa mtoto amepokea amana, hata kama mtoto huyo ni damu yake mwenyewe.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Maneno hayo humfariji mtu ajali ikiisha kutokea. Kuyasema kabla ya kuondoka ni uvivu tu. Basi tuifuate safari hatua kwa hatua, tuone kinga tulizo nazo.

Kwanza, hesabu mikono yako. Bibi ana mikono miwili. Basi watoto wadogo wawili wamtosha. Wakiwa wanne, afuatane na mtu mzima mwingine, nao waambiane wazi: "Hawa ni wako, hawa ni wangu." Mara nyingi mtoto hupotea kati ya watu wazima watano, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anamtazama.

Pili, bahari. Hatujasahau Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Wala hatujasahau Julai 18, 2012, boti ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe. Basi ukiona chombo kimejaa mno, rudi nyuma, ungoje kingine. Nauli iliyopotea hupatikana tena. Ukiisha kukaa, uliza majaketi ya kuokolea yako wapi, na kama yako ya kimo cha watoto. Usione haya kuuliza. Wajukuu wasikae ukingoni, wala wasipande reli kuchungulia maji.

Tatu, barabara. Kutoka mjini daladala namba 324 hupita msitu wa Jozani mpaka Paje, kisha huelekea kaskazini kufika Bwejuu. Pale Jozani kima punju huvuka barabara, na matuta yamewekwa ili magari yapunguze mwendo. Je, dereva akifunga breki ghafla, mjukuu wako yuko wapi? Wazee wengi humpakata mbele, karibu na dereva, ili aone njia. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, hurushwa mbele kwa nguvu kama mzigo wa kilo 200. Ni bibi gani awezaye kuushika mzigo huo kwa mikono? Upendo wake hautoshi.

Basi kaeni nyuma. Mtoto asitoe kichwa wala mkono dirishani. Mkikodi gari dogo, uliza mikanda kabla ya kupatana bei, na kama kiti cha mtoto mchanga kinapatikana, kitumie. Huko Ulaya na Marekani wako wazee wanaosafiri na wajukuu katika gari lililo kama nyumba, lina vitanda na jiko ndani. Mtu angedhani mtoto hulala kitandani gari likienda. Sivyo! Hata humo, njia ya salama ni kumweka kitini na kumfunga mkanda, na kitanda kingoje gari lisimame. Tena, popote duniani, usimwache mtoto peke yake ndani ya gari lililofungwa juani. Kwa muda mfupi tu joto lake huweza kumwua.

Mnaposhuka, shuka wewe kwanza, ndipo umpokee mtoto. Msivuke mbele ya daladala wala nyuma yake. Ngojeni liondoke, mwone njia pande zote mbili.

Nne, mmefika Bwejuu. Msiwaachie watoto kucheza chini ya minazi yenye nazi, wala gari lisiegeshwe hapo. Nazi haibishi hodi. Maji yakitoka, bahari husogea mbali sana, na wanawake huingia kwenye mashamba yao ya mwani. Mtoto huona uwanja mkubwa wa mchanga, akafuata kaa na konokono mpaka mbali. Lakini maji hurudi baada ya saa sita hivi, na yakirudi hujaza mabonde kwanza, hata aliye mbele akakuta njia ya nyuma imekuwa bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali zaidi na kujaa zaidi. Basi ulizeni wenyeji saa ya maji kabla ya kushuka pwani. Watoto wavae viatu, kwa maana mawe yana wanyama wenye miiba mirefu myeusi.

Bibi mpenzi, babu mpenzi, hakuna kati ya haya linalotaka fedha nyingi. Kungoja boti nyingine, kukaa nyuma, kuuliza saa ya maji: ndiyo kinga yenyewe. Siku ya kurudi, mama yao atakapowapokea mlangoni, atawahesabu kwa macho kabla hajakusalimu. Hesabu yake na itimie.