Kinubi cha Kwanza kwa Mkazi wa Delta ya Rufiji

Kinubi ni ala ambayo nyuzi zake hutoka kwenye shingo na kushuka moja kwa moja hadi kwenye kifuniko cha tumbo lake. Nyatiti ya Wajaluo na litungu la Wakuria si vinubi kwa maana hiyo, kwa sababu nyuzi zake hulala juu ya daraja, sambamba na ngozi. Zeze la Wagogo, ambalo mwanamuziki Hukwe Zawose alilifikisha mbali duniani, hupigwa kwa upinde. Anayetaka kinubi chenyewe karibu na nyumbani hutazama Uganda.

Huko vipo viwili vinavyojulikana zaidi. Ennanga ya Buganda, yenye nyuzi nane, ilikuwa ala ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Tawala za jadi zilipofutwa mwaka 1967, wapigaji wake walikosa mlezi na wakapungua sana. Adungu ya Waaluri, watu wa kaskazini-magharibi ya Uganda na ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, ilipata bahati nyingine: iliingia shuleni na makanisani, ikaanza kuchongwa kwa ukubwa mbalimbali ili ipigwe kwa kikundi. Kwa kuwa mafundi wake ni wengi, ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo nafuu.

Vinubi vya Ulaya na Marekani ni habari nyingine. Kile kikubwa cha okestra kina nyuzi 47 na pedali saba, na bei yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Vipo vidogo visivyo na pedali, ila nyuzi zake huvuta ubao kwa nguvu ya mamia ya kilo. Kilichoundwa kwa mbao hafifu hupinda, na kikipinda Kibiti, wilaya yenye delta ya Rufiji, hakuna fundi wa kukinyoosha. Nyuzi zake pia hupimwa unene mmoja mmoja na huagizwa ng'ambo.

Hapo ndipo adungu inapomfaa mtu wa Kibiti na delta kuliko kinubi kingine chochote. Siku hizi hufungwa nyuzi za nailoni, yaani mishipi ileile ya kuvulia samaki, na mishipi haikosekani penye wavuvi. Ngozi ikipasuka, anayejua kuwamba ngoma anaweza kuiwamba upya. Bei ya kununulia ni nusu tu ya gharama. Nusu nyingine ni matengenezo, nayo adungu hutengenezwa kijijini.

Udhaifu wake ni unyevu. Delta ni nchi ya mikoko, maji ya chumvi na mvua za masika na vuli. Ngozi hunyonya unyevu, hulegea, na sauti zote hushuka. Wapiga ngoma huotesha ngoma zao moto, lakini adungu isisogezwe karibu na moto: nailoni huharibika kwa joto na mti mkavu hupasuka. Jua la asubuhi kwa muda mfupi latosha, kisha ala itundikwe juu, penye upepo, mbali na sakafu. Vigingi vya mbao vinafaa zaidi hapa kuliko vya chuma, ambavyo hushika kutu.

Kwa mwanafunzi, nyuzi nane au tisa zinatosha, maana zinatimiza do hadi do na nyimbo nyingi za shule na kwaya zinapigika. Kabla ya kulipa, kila uzi ukazwe, usubiriwe, kisha usikilizwe tena: ukishuka papo hapo, huenda kigingi kinateleza. Shingo isicheze pale inapoingia tumboni, na tumbo likaguliwe kama lina nyufa au matundu ya wadudu. Asiye na uzoefu afuatane na mwanamuziki. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ni mahali pazuri pa kumtafuta.

Nyuzi mpya ziwe za unene uleule wa zile za zamani, nene kwa sauti za chini na nyembamba kwa za juu. Nailoni mpya huendelea kuvutika kwa siku kadhaa, hivyo kuzikaza upya kila siku mwanzoni si dalili ya ubovu. Safarini nyuzi zilegezwe kidogo. Anayepanda boti katika bandari ya Nyamisati aifunge ala ndani ya mfuko wa plastiki, na aitoe mara afikapo, kwani ngozi iliyofungiwa humo huota ukungu.