Mitambo ya Kidijitali na Uvumbuzi wa Kuhifadhi Mazingira

Yadhaniwa mara nyingi kwamba kiwanda kikiingiza mitambo ya kidijitali hupata kasi na kupunguza gharama, basi. Mfano wa kampuni ya Marekani, General Electric, waonyesha kwamba mabadiliko hayo hugusa pia uvumbuzi wenyewe.

Tangu mwaka 2015, kiwanda chake cha Auburn, Alabama, hutengeneza vinyunyizio vya mafuta vya injini ya ndege iitwayo LEAP. Zamani kinyunyizio kiliungwa kwa vipande 20 hivi. Sasa kompyuta husoma mchoro, na miale ya leza huyeyusha unga wa metali tabaka juu ya tabaka, hata kifaa kikatokea kizima. Uzito wake umepungua kwa asilimia 25. Tena, wahandisi waliweza kuchora ndani yake mifereji ya mafuta ambayo hakuna chombo cha kukata kingeifikia. LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, hutumia mafuta pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko injini iliyoitangulia, ingawa kinyunyizio ni sababu moja tu kati ya nyingi.

Hata hivyo, mtambo haukuvumbua kitu, uliondoa kizuizi. Kilichosukuma uvumbuzi ni bei ya mafuta, ambayo wenye ndege huilipa kila siku. Madhara yasiyolipiwa na mtu hayana wa kuyatafutia dawa. Wala kupunguza matumizi ya mashine moja si kupunguza matumizi ya wote: mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alieleza jinsi injini zilizotumia makaa machache zilivyozidisha uchomaji wa makaa nchini mwake, kwa kuwa nguvu ilikuwa rahisi na watumiaji wakaongezeka.

Unga wa vinyunyizio hivyo ni mchanganyiko wa kobalti na kromi, na Kongo ndiyo itoayo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Kompyuta ya kiwanda chochote hupima unga tangu uingiapo mlangoni. Maji na udongo wa kule madini yalikochimbwa havimo katika kipimo hicho, isipokuwa sheria au mnunuzi adai vitiwe. Uvumbuzi wa kuhifadhi mazingira huishia pale kipimo kinapoishia.