Profesa Hassan Fathy na Wenyeji Waliokataa Nyumba

Mteja wa msanifu wa majengo ni nani: yule atoaye fedha, au yule atakayelala ndani? Swali hilo lilimsumbua Hassan Fathy wa Misri kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Fathy alizaliwa Alexandria mwaka 1900, akahitimu Cairo mwaka 1926, na tangu mwaka 1930 alifundisha usanifu katika chuo cha sanaa mjini humo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chuma na mbao viliadimika. Ukuta wa udongo mkulima aweza kuujenga mwenyewe, lakini paa huhitaji boriti. Mwaka 1941, karibu na Aswan, Fathy aliwakuta waashi wa Kinubi wakijenga mapaa ya tao kwa matofali ya udongo yasiyochomwa. Safu ya kwanza huegemezwa mshazari kwenye ukuta wa nyuma. Kila safu ifuatayo huegemea iliyoitangulia, na udongo mbichi huishika isiteleze. Kwa hiyo hapahitajiki mbao za kulishikilia tao linapojengwa. Matofali yenyewe hutiwa majani makavu kwa wingi yawe mepesi, na hukwaruzwa kwa vidole yapate kunata. Tao likisha kukamilika, uzito wote huligandamiza. Nao udongo hustahimili kugandamizwa, ila kuvutwa hauwezi. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa vitofali vya udongo na ubao wa kuegemeza.

Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ilimpa kazi ya kujenga Gourna Mpya, ng'ambo ya mto kutoka Luxor, ili kuwahamisha watu wapatao 7,000 walioishi juu ya makaburi ya kale, ambako wizi ulikuwa umezidi. Hapo ndipo mteja alipogawanyika: Idara ilitaka kijiji, wenyeji hawakukiomba.

Fathy hakutaka kuchora nyumba moja na kuirudia mara mia tisa. Alipanga jamaa wa ukoo mmoja wakae kuzunguka uwanja wao, na kila familia isikilizwe kuhusu vyumba vyake na mifugo yake. Kwake, nyumba njema huzaliwa na watu watatu: mwenye nyumba, msanifu na mwashi.

Lakini wengi wa wenyeji walipata riziki kutokana na makaburi yale. Kuhama kulikuwa kuiacha. Fathy aliandika kwamba tuta la kuzuia maji lilitobolewa makusudi ili kijiji kipya kifurike. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ilisimama, ikiwa imekamilika sehemu yake tu.

Alirudi kufundisha mwaka 1953, na mwaka 1957 akaenda Athens kufanya kazi na Doxiadis. Kitabu chake juu ya Gourna kilitoka Cairo mwaka 1969, kisha Chicago mwaka 1973. Ni taarifa adimu ya jaribio lililoshindwa, yenye hesabu za matofali na ujira. Lawama nyingi huwaangukia maofisa. Sauti ya wenyeji, kwa bahati mbaya, husikika kidogo mno humo.

Fathy alifariki mwaka 1989. Tangu wakati huo nyumba nyingi za Gourna Mpya zimeharibiwa na chumvi ya maji ya ardhini, au zimebomolewa na wakazi wenyewe, wakajenga za zege zenye ghorofa ili watoto wao wanaooa wapate pa kukaa.