Kwa nini mahafali hutangulia mtihani

Watoto wetu wanaokulia huku Marekani hushangaa wakitumiwa video ya binamu yao anayehitimu kidato cha nne Tanzania. Kijana kavalishwa joho, shingoni ana mataji ya karatasi za kung'aa, mashangazi wanapiga vigelegele, keki imekatwa na mzazi analishwa kipande. Halafu wanaambiwa mtihani wenyewe bado, uko Novemba. "Sasa anasherehekea nini?" Ni swali la haki, na wengi wetu hulimaliza kwa kusema ndivyo ilivyo nyumbani. Mimi naona linastahili jibu refu zaidi, kwa sababu ndani yake mna historia nzima ya shule zetu.

Tuanze na cheti. Huku Marekani shule, au wilaya yake ya elimu, ndiyo inayotoa diploma. Mtoto akikamilisha masomo yanayotakiwa, shule inamtangaza kuwa kahitimu. Tanzania mambo hayako hivyo tangu zamani. Enzi za mkoloni mtihani wa sekondari ulikuwa wa Cambridge. Maswali yalitoka Uingereza na majibu yakapelekwa hukohuko. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo wote tunaliita NECTA. Wenye mtihani walibadilika, lakini jambo moja lilibaki palepale: shule inafundisha, na anayepima yuko nje ya shule. Mkuu wa shule hana mamlaka ya kusema nani kafaulu. Anachoweza kusema ni kwamba kijana huyu alikuwa hapa, alisoma, na anaondoka. Hicho ndicho kinachosemwa siku ya mahafali.

Tazama pia kinachofuata baada ya mtihani. Darasa halimalizi siku moja. Anayesoma masomo ya sanaa anaweza kuweka kalamu chini mapema huku wenzake wa sayansi bado wana pepa. Kila mmoja akimaliza ya kwake, wanaandikiana majina na namba za simu kwenye mashati ya sare kwa kalamu za wino mzito, kisha wa bweni hubeba tranka na godoro kwenda stendi. Matokeo hutoka Januari, na kila mtu anayasoma kwenye simu akiwa kwao. Baadaye Ofisi ya Rais, TAMISEMI, inapanga wanaoendelea na kidato cha tano: huyu Tabora, yule Songea, mwingine Bukoba, na wengine vyuo vya ufundi. Darasa lililokaa pamoja miaka minne limetawanyika nchi nzima, na hakuna siku nyingine ambayo lingeweza kukutanishwa. Kwa hiyo sherehe inawekwa Septemba au Oktoba, wakati wote bado wapo.

Wakati huo, tena, hakuna mwenye divisheni yoyote. Atakayepata divisheni wani na atakayepata sifuri wamekaa benchi moja, wameimba wimbo mmoja, wamepigiwa vigelegele vilevile. Nalipenda sana jambo hili katika mfumo wetu. Mtoto wa Tanzania atapangwa kwa alama maisha yake yote ya shule; siku moja ya kusherehekewa kabla ya alama ni haki yake.

Kiini cha siku hiyo kwangu ni risala. Wahitimu huiandika wenyewe, mwalimu akaipitia, kisha mmoja wao akasimama mbele ya mgeni rasmi kuisoma kwa niaba ya wenzake. Baada ya salamu na shukrani inakuja sentensi ambayo wazazi wengi huipita bila kuisikia: tulianza kidato cha kwanza tukiwa wanafunzi kadhaa, wavulana idadi hii, wasichana idadi hii, na leo tunahitimu tukiwa idadi hii. Namba ya pili huwa pungufu. Risala huendelea kueleza sababu kwa maneno machache sana: uhamisho, utoro, kukariri darasa, mimba, kifo. Kila neno hapo ni watoto wenye majina, waliokuwa na kiti na daftari katika chumba hicho. Kukariri maana yake mtihani wa kidato cha pili uliwarudisha nyuma. Utoro mara nyingi maana yake ni mashamba, machimbo, bodaboda au kazi za ndani mjini. Risala ndiyo mahali pekee darasa linapohesabu watoto wake wote, waliofika na wasiofika.

Kwa mfano, chukua waliohitimu kidato cha nne mwaka 2023. Hao waliingia kidato cha kwanza Januari 2020, ada ikiwa imefutwa tangu 2016, ingawa sare, madaftari na michango ya chakula viliendelea kuwa mzigo wa mzazi. Hawakuwa wamezoea hata kengele ya shule mpya pale Serikali ilipotangaza, tarehe 17 Machi 2020, kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona. Kidato cha sita walirudi Juni mosi kwa ajili ya mtihani wao. Madarasa mengine yakasubiri hadi Juni 29. Kulikuwa na vipindi vya redio na televisheni, lakini mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna redio alikaa miezi mitatu bila somo, na wengine wakazoea kazi wasirudi tena. Tarehe ileile ya Machi 17, mwaka uliofuata, nchi ikatangaziwa kifo cha Rais Magufuli. Mnamo Novemba 2021, vijana hao wakiwa kidato cha pili, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Kwa hiyo katika darasa hilo yawezekana palikuwa na msichana ambaye, kwa utaratibu uliokuwepo alipoanza kidato cha kwanza, asingesimama kwenye jukwaa la mahafali.

Hata baada ya kumaliza, mabadiliko yaliwaandama. Mwaka 2024 waliruhusiwa kubadili machaguo yao kwa sababu tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano, zilikuwa zimeongezwa kutoka 16 hadi 65. Kaka na dada zao walichagua kati ya PCM, PCB, HGL, HKL na nyingine chache tulizozijua wote. Wao wakawekewa mbele michanganyiko ambayo hapakuwa na aliyetangulia wa kuwaambia inaelekea wapi.

Nusu ya pili ya risala ni changamoto na maombi: walimu wa sayansi hawatoshi, maabara haina vifaa, hakuna uzio, wasichana wanatembea mbali kwa kukosa hosteli. Mgeni rasmi hujibu, na harambee hufuata: mifuko ya saruji, bati, viti. Nimewasikia wenzetu huku wakisema hii inageuza sherehe ya watoto kuwa ombaomba. Sikubaliani nao. Shule nyingi za kata zilijengwa kuanzia 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), na wananchi walichangia nguvu zao, mawe na mchanga. Kijana wa miaka kumi na saba anaposimama mbele ya mbunge au mkuu wa wilaya akatamka kwamba shule ina mwalimu mmoja tu wa fizikia, anawasemea wadogo zake, maana yeye anaondoka na maabara hiyo hataitumia.

Haya yote ni ya kidato cha nne. Kwa kidato cha sita ratiba ni nyingine: mahafali kabla ya mtihani wa Mei, kisha wengi wanaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, Ruvu, Mafinga, Bulombora au kwingineko, hata kabla matokeo hayajatoka.

Nina ombi kwa wenzangu wa ughaibuni. Tukipata kadi ya mwaliko huwa tunatuma hela ya joho, ya keki na ya mpiga picha, na ni vizuri. Mwombe mhitimu akutumie na picha ya kurasa za risala pia, kwa sababu baada ya kusomwa nakala hukabidhiwa mgeni rasmi na mara nyingi darasa lenyewe halibaki nayo. Msomee mwanao hapo ulipo. Akiuliza wale wengine walikwenda wapi, mpigie binamu yake simu amjibu mwenyewe. Anawajua kwa majina.