Ukitafuta #deni unapata nini? Tagi, fomu na noti za simu yako

Hebu toa simu yako sasa hivi, fungua pale unapoandikia mambo yako. Mimi nishajua kuna nini humo. Kuna orodha ya vitu vya kununua, nenosiri la WiFi ya mtu, mistari miwili ya wimbo ambao hukuumaliza, na katikati ya vurugu hiyo yote kuna mstari kama huu: “41 kahawia, ametuma 800.”

Nani huyo? Ametuma 800 kati ya ngapi? Lini?

Tuseme wewe ni mmoja wa wale vijana wanaouza sandali za ngozi mtandaoni na kuzichukua kwa fundi pale soko la Kariokor. Huna duka. Duka lako ni picha, na karani wako ni simu. Kastoma anakuandikia usiku, wewe unanakili anachotaka kwenye noti, asubuhi unapita kwa fundi katikati ya harufu ya gundi na milio ya nyundo, unamsomea: saizi, rangi, shanga au bila shanga. Mwezi wa kwanza kila kitu kinakaa kichwani. Mwezi wa tatu kastoma mmoja anakuambia alishamaliza kulipa, wewe unakumbuka nusu tu, na fundi anataka pesa za ngozi leo, si kesho. Hapo ndipo unafungua simu na kutafuta #deni.

Inakuletea noti 37. Nusu yake watu walishalipa.

Sitaki kukucheka, kwa sababu nimefika hapo. Ndio maana leo tunaongea juu ya jambo ambalo linasikika kavu lakini linakula pesa za watu: ukiwa na maandishi matupu kwenye simu, uyapange kwa tagi, au kwa metadata yenye mpangilio, yaani mistari midogo yenye majina kama ya fomu?

Tofauti yake unaijua tayari, ila labda hukuwahi kuitazama. Mwaka 2007 ulituletea zote mbili. Machi mwaka huo Safaricom ilizindua M-Pesa. Agosti 23 mwaka huo huo, Chris Messina, Mmarekani mmoja wa mambo ya teknolojia, alipendekeza kule Twitter kwamba watu watumie alama ya reli kukusanya mazungumzo ya mada moja. Wakenya tuliichukua alama hiyo tukaifanya ya kwetu hadi tukaitwa #KOT. Hiyo ni tagi. Hakuna aliyetupa ruhusa, hakuna fomu, unaibandika tu na mtu mwingine akibandika ile ile mnakutana.

Sasa fungua ujumbe wowote wa M-Pesa. Ni maandishi matupu pia, SMS ya kawaida ambayo hata kabambe inaisoma. Lakini angalia ulivyojengwa: nambari ya muamala, kiasi, jina, tarehe, saa, salio. Kila wakati ni vile vile. Ndiyo maana mkibishana na mtu wa duka hamjadili hisia, unamwonyesha ujumbe, anasoma, yameisha. Hebu fikiria kama Safaricom ingekutumia “#pesa #imetumwa #jumanne”. Ungelia.

Basi tagi inajibu swali moja tu: je, jambo hili linahusu kitu fulani? Ndiyo au la. Haiwezi kukuambia ni kiasi gani, tangu lini, au kama limeisha. #deni haijui kuhesabu. Na usipoiondoa siku mtu alipolipa, inabaki pale ikikudanganya.

Fomu yenyewe si kitu cha kutisha. Juu ya noti unaweka mistari mifupi, unaifunga kwa vistari vitatu juu na chini, halafu chini yake unaandika unavyotaka, hata kwa Sheng:

---
tarehe: 2025-03-14
saizi: 41
bei: 1500
amelipa: 800
hali: kwa fundi
---
Anataka shanga nyekundu, si zile za juzi. Asema ni za harusi ya dadake.

Ukitafuta “hali: kwa fundi” unapata kazi zilizo mezani kwa fundi, na hizo tu. Tarehe nimeanza na mwaka makusudi, kwa sababu ukizipanga zinajipanga zenyewe. Ukianza na siku, tarehe 1 ya Disemba itakaa kabla ya tarehe 2 ya Januari na utachanganyikiwa. Apu kama Obsidian zinaisoma mistari hiyo na kukutengenezea jedwali, lakini hata bila apu yoyote bado ni maandishi. Simu ikiibiwa kwa matatu na ulikuwa na nakala mahali pengine, faili hiyo itafunguka kwenye simu yoyote, hata ya mwaka kesho kutwa, hata bila bando.

Kufikia hapa utasema, sawa, nimeelewa, fomu ndiyo mpango mzima. Polepole.

Nilipogundua fomu nililewa. Nikatengeneza moja yenye sehemu kumi na mbili: mtaa wa kastoma, alikotujulia, rangi ya uzi, aina ya soli, sijui nini. Siku mbili nikajisikia kama benki. Ya tatu nilikuwa nimesimama kando ya Ring Road, jua kali, kastoma yuko kwa simu, nikaruka sehemu nne. Wiki ya pili nilikuwa naandika “41 kahawia” kama zamani. Fomu ndefu inakufanya uahirishe kuandika, na kilichoahirishwa hakiandikwi.

Halafu kuna mambo ambayo fomu haiwezi kuyajua mapema, na hapo tagi ni mfalme. Uliona kiatu kimeachia soli, ukaandika tu #gundi. Wiki mbili baadaye kingine, #gundi tena. Siku ukiitafuta unaona zote ziliandikwa wakati wa mvua. Hakuna fomu uliyoitengeneza Januari ambayo ingekuwa na sehemu ya “gundi na mvua”, kwa sababu Januari hukujua kuna jambo kama hilo. Tagi ni ya vitu unavyovishuku kabla hujavielewa.

Ila kwetu sisi tagi ina ugonjwa ambao wenzetu wa Kiingereza hawaugui sana, na sijaona mtu akiusema. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno. Leo umeandika #kiatu, kesho #viatu, na simu inaona maneno mawili yasiyojuana, moja kwenye K na lingine kwenye V. #deni na #madeni vile vile. Ukijifanya mjanja utafute “atu” ili upate yote, utaletewa watu, na tatu. Ongeza Sheng na Kiingereza juu yake, mteja, kastoma, customer, na sasa kastoma mmoja ana vyumba vitatu.

Watu wa kamusi walikutana na shida hii kabla yetu. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotoka mara ya kwanza 1981: hutapata “viatu” imepewa makao yake, utaenda kwenye “kiatu”, na hapo utaonyeshwa ngeli yake. Wameshika umoja, basi. Fanya hivyo hivyo: umoja, herufi ndogo, lugha moja kwa kila kitu, na uweke noti moja juu kabisa yenye orodha ya tagi zako. Zikizidi ishirini, kuna ambazo ni ndugu. Ziozeshe.

Kuhusu lipi liende wapi, mimi hujiuliza siku nitakapolitafuta hili jambo nitauliza vipi. Nikiuliza “kiasi gani”, “lini”, “ya nani”, “imefika wapi”, hiyo ni sehemu ya fomu. Nikiuliza “hivi kulikuwa na nini kuhusu...”, hiyo ni tagi. Na si lazima ujue siku ya kwanza. Anza na sehemu mbili, tatu hivi. Tagi ikianza kukulazimisha uandike namba pembeni yake, kama #deni700, ujue imekomaa, ipandishe cheo iwe mstari. Na mstari ukikaa miezi mitatu mtupu, ufute. Usiuonee huruma.

Nikiwa hapo sokoni huwa nawaza kwamba hata jina la mahali penyewe ni tagi. Kariokor ni Carrier Corps, ulimi wetu uliyakunja maneno hayo, kama wenzetu wa Dar es Salaam walivyopata Kariakoo. Ndio wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, wakielekea Tanganyika kuwafuata Wajerumani. Walikuwa umati mkubwa, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Sanamu yao na ya askari ipo Kenyatta Avenue tangu miaka ya 1920, umepita hapo mara ngapi? Haina jina la hata mpagazi mmoja.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa kukosa karatasi tu. Ripoti yenyewe inataja ubaguzi: kuna waliopewa jiwe lenye jina, na kuna waliohesabiwa kwa jumla. Neno moja liliwatosha wote, na neno hilo leo tunalitumia kuelekezana mahali pa kuteremka. Mtu akitafuta babu yake humo, “Carrier Corps” haimjibu. Anahitaji mstari unaosema jina, kijiji, tarehe.

Kwa hivyo ukiandika kastoma wako, andika jina. Wacha “yule wa Ngara”. Lakini usijaze na nambari yake ya kitambulisho, huihitaji kuuza sandali, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu. Nambari ya simu iandike kwa +254, kwa sababu siku utakapozihamishia kwenye jedwali la kompyuta, ile sifuri ya mbele huwa inapotea na utabaki na nambari zisizopigika.

Noti zako za zamani ziache zilivyo. Ukijaribu kuzipanga zote leo usiku utalala saa tisa na kesho hutarudi tena. Chukua zile za wanaodaiwa tu, ziandikie bei, amelipa na tarehe. Halafu mpigie yule wa 800.