Vazi la kuzamia libane, lisikabe
Juzi nilimsindikiza binti yangu dukani, Mombasa, kununua vazi la kuzamia la kike. Muuzaji akalisifu: “Hili halipitishi maji, mzee, tena limepwaya vizuri, atapumua tu.” Nilitofautiana naye. Vazi la mpira wa neopreni huingiza maji kidogo, kisha joto la mwili huyapasha. Likipwaya kiunoni au mgongoni, maji mapya huingia kila mara, joto likapotea. Kupwaya hapa si sifa! Libane, ila lisikabe. Kubana ni kuushika mwili. Kukaba ni kunyima pumzi, hasa shingoni. Binti akajaribu la milimita 3, akainua mikono, akachuchumaa. “Hili sasa ndilo, Baba.” Tukalipa.